Mzimu Wabisha Hodi kwa Nani?

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2013, baada ya mvua kubwa, ukuta wa moramu uliporomoka katika machimbo ya Moshono, upande wa mashariki wa mji wa Arusha, ukawafukia watu waliokuwa chini yake. Walikufa watu 13. Siku tatu kabla, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilikuwa limeanguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30, na macho ya taifa zima yalikuwa bado yameelekea kwenye kifusi hicho. Msiba wa Moshono ulipata nafasi yake magazetini, rambirambi zilitolewa, maiti zikazikwa, kisha kurasa zikafunuliwa. Shimo lilibaki.

Shimo la namna hiyo ni hazina kwa mtunzi wa hadithi za kutisha. Kuta zimechongwa wima, ukungu washuka kutoka Mlima Meru, na malori yanapoondoka jioni huja kimya ambacho hakuna fundi wa sauti anayeweza kukitengeneza. Na ichukuliwe kwamba kikundi cha vijana wenye kamera nzuri na mtaji mdogo kinataka kuufufua mfululizo wa filamu za mizimu uliopendwa zamani, nacho kinatafuta mahali pa kupigia picha ya ufunguzi: usiku, mvua, mkono mmoja ukichomoza kifusini. Mtu anawaambia, nendeni Moshono. Mfano huu ni wa kubuni, bali swali lililomo ndani yake si la kubuni. Je, vijana wale wana haki ya kumtoa maiti katika kifusi kile ili watu wapate kupiga kelele za raha? Na ikiwa wanayo, wamepewa na nani?

Kufufua filamu kuna maana mbili, na si vyema kuzichanganya. Ya kwanza ni kuendeleza: kisa kilichoishia hapa chaungwa na kingine, wahusika wanazeeka, watoto wao wanairithi laana. Ya pili ni kuanza upya: mambo yote yaliyotangulia yanafutwa kama ubao wa darasani, likabaki jina tu na sura ya lile zimwi, na hadithi ikasimuliwa kana kwamba haijapata kusimuliwa. Wenye mitaji huipenda njia hii ya pili kwa sababu inayojulikana na kila mwenye duka. Mnunuzi hukiendea asichokijua kwa woga, na anachokijua hukiendea kwa hamu. Wahenga waliposema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakuwa na filamu katika fikra zao, lakini methali yao ingeweza kutundikwa mlangoni mwa kila kampuni inayotengeneza filamu za kutisha. Mtu hulipa kiingilio aliwe kidogo na zimwi analolijua, kisha arudi nyumbani mzima.

Biashara hii ni kongwe kuliko wanavyodhani wengi. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza Nosferatu kwa kukichukua kisa cha Dracula cha Bram Stoker bila ya ruhusa, akabadilisha majina tu. Mjane wa Stoker alishitaki, na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Baadhi zilisalimika, na zimwi lililohukumiwa kufa likafufuliwa na Werner Herzog mwaka 1979, kisha na Robert Eggers mwaka 2024. Mjane yule alikuwa na haki kamili, na lau haki yake ingetekelezwa kikamilifu, ulimwengu ungepoteza moja katika picha zake bora. Ni jambo la kuutia mashakani moyo wa kila anayedhani kwamba suala lote ni la hati na saini.

Kwetu Afrika mfano ulio karibu ni wa Nigeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyosemwa kwa Kiigbo, ikatayarishwa na Kenneth Nnebue na kuongozwa na Chris Obi Rapu, ndiyo inayohesabiwa kuwa ilifungua soko la filamu za video katika nchi ile na kwa jirani zake. Mwaka 2019 Ramsey Nouah, mwigizaji ambaye watazamaji wa Tanzania walikwisha kumzoea hata kabla ya kumwona akiigiza pamoja na marehemu Steven Kanumba, aliiongoza Living in Bondage: Breaking Free, na safari hii haki zilikuwa zimenunuliwa. Kisa kile cha mwaka 1992 kitarejewa mbele, kwani ndani yake mna jambo ambalo mkataba hauwezi kulinunua.

Tanzania nayo ilikuwa na wakati wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, majumba ya sinema yalipokuwa yamegeuzwa maghala na kumbi za ibada, na kanda za VHS zikauzwa Kariakoo kama vitenge, mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka, jina lililochukuliwa kwa Wanyakyusa wa kusini-magharibi ya nchi, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, kisa cha jini la kike lililompenda mwanadamu. Vifaa vilikuwa haba. Unga mweupe usoni, meno ya kubandika, kamera ya harusi, na nyumba ya kuazima kwa siku mbili. Anayezitazama leo huweza kucheka pale palipokusudiwa atetemeke. Hata hivyo filamu zile zilifanya jambo ambalo riwaya zetu hazikuwahi kulifanya kwa upana ule: zilimchukua mzuka wa kabila moja, zikamsemesha Kiswahili, zikamtuma kila kibanda cha video kutoka Mbeya hadi Mkunazini. Mzuka aliyekuwa wa ukoo akawa wa taifa.

Sheria ina la kusema hapa, na ilisemwe upesi lipite. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Mwenye kutaka kuifufua filamu ya mwenziwe amwendee, wapatane, waandikiane. Sheria ile ya Bara imekumbuka pia kuzilinda ngano na sanaa za jadi, ili zisichukuliwe ovyo na wafanyabiashara. Yote hayo ni mema. Lakini sheria hujua mwenye filamu na pengine mwenye ngano; haimjui mwenye hofu. Mama wa Moshono ambaye mwanawe alifukiwa mwaka 2013 hana hakimiliki ya kifusi.

Basi na turudi kwenye barza, mahali ambapo Waswahili walilitatua tatizo hili kabla ya kuwapo mahakama za filamu. Bibi hakuanza hadithi kwa kusema tu, "Kulikuwa na zimwi." Alisema, "Paukwa!" naye hangeendelea mpaka wajukuu wajibu, "Pakawa!" Wengine walikuwa na kiitikio kirefu zaidi ambamo wasikilizaji wenyewe waliualika uongo uje, utamu ukolee. Watu wazima huyasikia maneno haya kama mchezo wa watoto. Kwa hakika ule ulikuwa mkataba. Msimulizi aliomba idhini ya kutisha, na msikilizaji aliitoa huku akijua kinachokuja ni uongo. Ulikuwapo mlango wa kuingilia, na mwishoni ulikuwapo wa kutokea, pale bibi aliposema hadithi imeishia hapa, na kama njema ni ya wote na kama mbaya ni yake. Zimwi lilibaki upande wa pili wa mlango. Mtoto alilala.

Filamu ina mlango gani? Zamani ulikuwapo mlango wa mbao hasa: taa za Majestic au Cine Afrique zilizimwa, pazia likafunguliwa, na saa mbili baadaye mtu alitoka nje akaona magari na wauza kahawa. Katika vibanda vya video alikuwapo mfasiri. Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake iliwekwa juu ya filamu nyingi za ng'ambo, hakuwa akitafsiri kwa maana ya vitabuni. Alisimulia, alidakiza, alimtania mhusika, alimweleza mtazamaji mila za watu wasiojulikana. Wasomi wa tafsiri walimdharau kwa kukosa uaminifu. Dharau hiyo ilikosa shabaha. Sauti ile ilikaa katikati ya mtazamaji na mzuka, ikawa ndiyo ile "Paukwa" iliyopotea. Siku hizi filamu inaingia katika simu ya mtoto aliyejifunika shuka, bila ya taa kuzimwa wala sauti ya mtu mzima, na mara nyingi ikitanguliwa na maneno yasemayo kwamba kisa hiki ni cha kweli. Maneno hayo ndiyo hasa yanayouvunja mlango, na watengenezaji huyatumia kwa wepesi wa ajabu, kana kwamba kweli ni kiungo kama chumvi.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kuambiwa mambo yanavyokuwa hofu inapotembea bila ya mlango. Mwaka 1995 Popobawa alianza Pemba, akavuka hadi Unguja. Watu walilala nje, makundi kwa makundi, kando ya moto, wakiogopa kivuli cha bawa kilichosemwa kuwa kinawaingilia watu usiku majumbani mwao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila upande ulipata namna ya kumpachika mwenziwe Popobawa. Mwezi wa Aprili mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyekuwa amefika Unguja kutafuta matibabu, aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Alikuwa mgonjwa, wala hakuwa na mbawa.

Katika uvumi ule mlikuwa na sharti moja: aliyefikiwa na Popobawa alitakiwa awaeleze wenzake, na asipoeleza, angerudiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1998, Mjapani Hideo Nakata alitoa filamu ya Ringu, kutoka katika riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991. Humo anayeitazama kanda fulani hufa baada ya siku saba ila akiinakili na kumwonyesha mwingine. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2002, na mfululizo wake umeanzishwa tena na tena. Hapana haja ya kudhani kwamba Tokyo waliwasikia Wapemba wala Wapemba kuwasoma Wajapani. Sharti ni lile lile kwa sababu hofu yenyewe ndivyo ilivyo: huishi kwa kupokezwa. Tofauti ni kwamba yule wa Japani alikaa ndani ya kanda, na huyu wa visiwani hakuwa na kanda ya kukaa. Hapana shaka kuwa Ringu iliwanyima watu wengi usingizi. Popobawa wa mwaka 1995 alimwaga damu.

Hapa ndipo mwenye pupa husema: basi filamu hizi zipigwe marufuku. Upo ulimi wa kulisema hilo, na ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 pamoja na bodi yake. Lakini mwaka 1995 hapakuwa na filamu ya Popobawa ya kupigwa marufuku. Palikuwa na midomo, redio, na giza. Wala vikongwe wa Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa miaka mingi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, hawakuuawa na sinema. Macho yao yaliwekundishwa na moshi wa jikoni, na wauaji wao mara nyingi walijua shamba lipi lingebaki bila mwenyewe. Anayeilaumu filamu peke yake humwondolea mwuaji nusu ya mzigo. Bali haifuati kwamba filamu haina lawama. Mwongozaji anapohitaji mchawi, akamtafuta bibi kizee, akamtia wekundu machoni, amechukua uwongo ambao tayari una damu mikononi na kuupa taa na muziki.

Kwa hiyo swali la haki halikai katika kutisha au kutotisha. Linakaa katika jambo jingine: mzimu huyo akisha kuamka, anabisha hodi kwa nani?

Katika Living in Bondage ya mwaka 1992, mwanamume mwenye tamaa anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na mzuka wa mke unamwandama yeye, si mtu mwingine. Mtazamaji anaogopa, lakini anaogopa kwa upande wa haki. Mzuka ule ni mlalamikaji aliyenyimwa mahakama. Na Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ambayo haina haja ya kutambulishwa kwa wasomaji wa Unguja, alifanya kinyume kwa nia ile ile: watu wote wanautazama mzimu, na Bwana Msa peke yake anamtazama binadamu aliyejificha nyuma ya mzimu. Mmoja ameuleta mzuka ili mwenye hatia asikimbie; mwingine ameuondoa kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili wameulizana na mzimu anuani yake.

Sasa mfululizo wa filamu huwa na ugonjwa wake. Filamu ya kwanza huwa na dhulma: mwanamke aliyetupwa kisimani, mtumwa aliyechomwa, mtoto aliyezikwa hai. Mzuka anaamka kwa sababu hiyo. Filamu ikipata faida, ya pili hutengenezwa, na mwenye kosa amekwisha kufa. Basi mzuka aende kwa nani? Huenda kwa wapangaji wa nyumba ile. Ya tatu huenda kwa wanafunzi waliopita njia. Kufikia ya tano dhulma imesahauliwa na watunzi wenyewe, sura inabaki, kucha zinabaki, na aliyekuwa mdhulumiwa amekuwa mashine ya kuua yeyote aliyekata tiketi. Huku ni kumsingizia maiti. Sheria za nchi nyingi haziwalindi marehemu na kashfa, lakini adabu ya Waswahili inawalinda. Marehemu hasemwi ila kwa wema, na wema wa chini kabisa ni kutomfanya auwe watu ambao hawakumkosea.

Ikiwa ugonjwa ni huo, basi kuanza upya, jambo ambalo wapenzi wa sanaa hulicheka kama ulafi wa wachuuzi, kwaweza kuwa tiba yake. Ni nafasi ya kuirudisha ile sababu iliyodondoka njiani. Mwaka 1992 ilitengenezwa Candyman, kutoka katika hadithi ya Clive Barker. Mandhari yake ilihamishwa kutoka Liverpool hadi Cabrini-Green, mtaa wa maghorofa ya watu weusi maskini wa Chicago, na mzuka wake akawa mchoraji mweusi aliyeuawa kikatili kwa kumpenda mwanamke mweupe. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mdhulumiwa huyo aliwaandama weusi wenzake waliofungiana katika maghorofa yale. Watoto wa wauaji wake walilala salama. Mwaka 2021 mwongozaji Nia DaCosta aliirejea. Maghorofa marefu ya Cabrini-Green yalikuwa yamekwisha kubomolewa, la mwisho mwaka 2011, na nyumba za wenye fedha zimeota mahali pake. Katika filamu yake swali likawa nani alimzalisha Candyman, na mzuka akageuzwa uso, akatazama mlango mwingine. Filamu ile ina kasoro zake, na mwisho wake unasema kwa sauti kubwa lile ambalo lingetosha kunong'onwa. Lakini DaCosta alielewa kwamba hakupewa sura tu, alipewa deni.

Washairi wanalijua deni hili kwa jina la kiufundi. Takhmisi ni nini kama si kuianza upya kazi ya mwenzio? Mtunzi huichukua mistari miwili ya aliyemtangulia, akaitanguliza kwa mitatu yake, na ile miwili ya kale haiguswi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, na msomaji husikia sauti mbili bila ya moja kuizima nyingine. Kuna sharti gumu ndani yake: mistari mipya mitatu haina budi kuifikia ile ya kale kwa mantiki na kwa kina, isije ikaonekana imebandikwa. Mfasiri naye yumo katika kifungo hiki. Mfufuaji wa filamu anayefuta ubao mzima hajafanya takhmisi, amechukua vina vya mwenziwe akatupa maana.

Atajibu mtu kwamba mzuka hana mtunzi, na hapa ana hoja. Takhmisi inahitaji mistari yenye mwenyewe; Nsyuka wa Wanyakyusa, chunusi wa mitoni, vibwengo wa pwani hawana mwenyewe wa kuombwa radhi. Lakini Liyongo mwenyewe anatoa jibu, na katika kisa cha kutisha kuliko vyote vya pwani hii. Muhammad Kijumwa wa Lamu, katika utenzi wake wa mwaka 1913, anasimulia jinsi shujaa alivyochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa amehongwa kwa ahadi za cheo. Liyongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika uta, akafa vivyo hivyo. Mji mzima ukakaa kwa kiu. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, kwani mtu aliyekufa alikuwa bado amewaelekezea mshale. Anayetaka kujua kama Waswahili walikuwa na filamu za kutisha kabla ya kamera akae na picha hiyo usiku mmoja.

Na watu wa mji walifanya nini? Hawakumwita mganga. Walimwendea mama yake. Mama akaja, akasimama mbali, akambembeleza mwanawe asiwadhuru watu, siku baada ya siku, mpaka maiti ikaanguka. Kijumwa angeweza kumwacha mama nje ya kisa. Shujaa, usaliti, na kisima vilitosha. Alimweka, na kwa kumweka aliubadilisha mzuka akawa mwana wa mtu. Kitisho hakikupungua hata chembe. Kiliongezeka, kwa kuwa msomaji sasa anaogopa maiti na anamwonea huruma kwa pumzi moja.

Hapo ndipo vijana wa mfano wetu wangepaswa kuanzia Moshono. Je, katika filamu yao mama wa maiti yumo? Wale 13 walikuwa na mama, wake, na watoto, na wengi wao wangali hai, wakipita kando ya shimo lile kwenda sokoni. Mkono ule unaochomoza kifusini una mtu anayeweza kuutambua. Tena uamke uende kwa nani? Ukienda kwa mama lishe aliyewauzia chai asubuhi ile, au kwa vijana wengine wenye sepetu wanaotafuta riziki pale pale, filamu imewaua mara ya pili na kuwatukana juu yake. Yako maswali mengine ambayo mzuka mwenye akili angeuliza. Moramu ile ilikwenda wapi? Ilikwenda chini ya barabara na misingi ya nyumba za mji ulioota haraka. Nani alijua kwamba ukuta uliochimbwa wima haustahimili masika? Nani aliyekuwa na wajibu wa kusema basi? Mzuka anayebisha hodi usiku katika sebule yenye vigae, chini yake sauti ya mawe yakisogea, anaijua anuani yake.

Lakini ipo hatari upande wa pili, nayo Arusha inaijua kuliko mji mwingine wowote, kwa kuwa ni mji wa warsha. Zimwi likipewa hotuba hufa. Filamu za mafunzo, zile zinazolipiwa na wafadhili na kumalizika kwa afisa akieleza umuhimu wa kofia ngumu, hazijapata kumnyima mtu usingizi wala kumbadilisha. Mwenye kutaka kuwatendea haki wafu wa Moshono kwa kuwafanya mabango ya usalama kazini aandike waraka, aiache sanaa. Liyongo hakusema neno pale kisimani. Alielekeza mshale tu.

Inabaki ruhusa. Mlango wa barza ulifunguliwa kwa kuitikia, na hapa wa kuitikia kwanza si mtazamaji, ni wale waliofiwa. Ni kazi ya miguu: kwenda nyumba kwa nyumba, kukaa, kunywa chai iliyotolewa, kueleza kisa kizima hadi mwisho wake bila ya kuficha ule mkono, na kungoja. Huenda nyumba 12 zikasema haya, fanyeni, na watu wajue yaliyowapata wetu. Huenda ya 13 ikasema hapana, bila ya kutoa sababu. Watakuwapo wa kushauri kwamba wengi wape, kwamba shimo si mali ya nyumba ile, kwamba sanaa haiwezi kufungwa na mtu mmoja. Wa Nosferatu wangesema hivyo, na wangekuwa na filamu bora ya kuonyesha.

Hata hivyo mama yule hakatai filamu. Anakataa shimo lile. Machimbo ya moramu kuzunguka Mlima Meru ni mengi, na mengine hayakuua mtu. Hadithi yaweza kuhama, kama ilivyohama ya Barker kutoka Liverpool hadi Chicago, na jina la mahali likabadilishwa. Mtazamaji wa Kigamboni au wa Chake Chake hatajua tofauti. Wa Moshono watajua, na mama atakayeketi nao siku ya kuionyesha, ikiwa atataka kuja, atajua kwamba ule mkono haukutoka pale.